Kaka kapanga vituo saba kwa siku kumi, na mama ana magoti

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, nakaa Tanga mjini. Mwisho wa wiki napiga picha za harusi. Nilianza na kamera ya kuazima, sasa ninayo yangu na lenzi mbili: ile ya milimita 18–55 iliyokuja na kamera, na ndogo ya milimita 50 ninayoitumia ukumbini usiku. Nakuandikia juu ya safari, ingawa ukisoma utaona ni jambo la nyumbani.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam na Mungu amemjalia. Mwaka jana mama aliugua, tukamuuguza miezi mitatu. Alipopona kaka akaapa kwamba atampeleka nje ya nchi akapumzike, nami nifuatane nao nimwangalie mama na nipige picha za ukumbusho. Akachagua Oman. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ngazi anapanda kwa kushika ukuta.

Juzi kaka ametutumia ratiba. Ni Agosti, maana ndiyo likizo yake. Siku kumi: Dubai, Maskati, Nizwa, Jabal Shams, Sur, Salalah, halafu Musandam kuona bahari inavyoingia kati ya milima. Vituo saba! Nilipomwambia kaka kwamba mama atachoka, akanijibu, "Nauli ya huko hailipwi mara mbili. Tukienda tuone kila kitu." Nikanyamaza, kwa kuwa mwenye kulipa ni yeye. Mama naye tukimuuliza anasema, "Nyie mtakavyoona, wanangu." Tangu aliposikia habari za safari, kila jioni anautoa mrashi wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia marashi, aliourithi kwa bibi, anausugua kwa majivu na kitambaa, na kusema marashi ya dukani siku hizi hayanukii kama yale yaliyokuwa yakija na majahazi ya Manga, yaani Uarabuni, alipokuwa mtoto. Basi, zaidi ya hapo hasemi kitu.

Mimi nataka picha za kweli, mandhari na watu, si za kupitia kioo cha gari. Nifanyeje bila kumvunjia kaka heshima? Na jingine: kuna lenzi ndefu nimeipenda, shilingi milioni mbili na nusu, kikoba wako tayari kunikopesha. Rafiki yangu pia anataka kuniazima droni. Nichukue?

Mwanao, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole ya ugonjwa na hongera ya kupona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale kwenye mrashi. Umeutaja kwa kupita tu, kumbe ndiyo jibu la mama. Mzazi akisema "mtakavyoona" si kwamba hana atakalo. Hataki kuwa mzigo kwa mtoto anayelipa. Atakalo analisema kwa mikono kila jioni anaposugua ile fedha.

Marashi ya namna hiyo, yaani maji ya waridi, Oman hutengenezwa Jabal Akhdar, Mlima wa Kijani, juu ya Nizwa. Vijiji vyake vimeshika ukingo wa bonde, mashamba yamekatwa ngazi ngazi mlimani, na katika ngazi hizo kuna mikomamanga, milozi na mawaridi. Uwanda wa Saiq uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Lushoto, kwa hiyo mjue kuna baridi. Mawaridi huanza kuchanua mwishoni mwa Machi, hukolea Aprili, na Mei inapoingia yanaelekea kwisha. Ratiba ya kaka yako inampeleka mama hadi karibu na mlima huo miezi mitatu baada ya waridi la mwisho kuchumwa. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie jibu refu.

Nilifika huko mwezi wa Aprili, nikaingia katika nyumba moja ya kupikia maji ya waridi. Ni chumba cha udongo na mawe, kuta nyeusi tii kwa masizi ya miaka mingi, na jiko refu la udongo lenye matundu ya kuketisha vyungu. Mzee wa nyumba anajaza chungu petali zilizochumwa alfajiri hiyo hiyo kabla jua halijazipiga, anaweka ndani yake bakuli la shaba la kukingia, halafu juu anafunika kwa bakuli jingine lililojaa maji baridi. Moto ukichochewa, mvuke unapanda, unagusa chini ya lile bakuli la baridi, unakuwa matone, yanadondoka ndani ya kikingio. Maji ya juu yakipata moto anayabadilisha. Ndiyo kazi, saa nyingi, na harufu yake inakuingia hadi kwenye nguo za sandukuni. Yanayotoka hayako meupe kama ya dukani. Yana rangi ya chai nyepesi na harufu ya moshi kwa mbali. Mimi siwezi kukuhakikishia kwamba ndiyo aliyoyanusa mama utotoni, lakini mpeleke aamue mwenyewe.

Humo ndani, mwanangu, utaishukuru ile lenzi ya 50 ya harusi. Flashi izime kabisa, itakuonyesha masizi tu na kuua giza, na giza ndilo uzuri wenyewe. Fungua tundu la lenzi lote hadi 1.8, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipandishe hadi 3200 bila woga, simama mlango uwe ubavuni mwako, usiwe mgongoni. Mwanga wa mlangoni utamlamba mzee usoni upande mmoja na mvuke utaonekana. Kisha ngoja. Picha haipo wakati anaongea nawe. Ipo anapoinua bakuli la juu kubadilisha maji, mvuke unapotoka wote kwa pamoja na yeye anakunja uso kidogo. Hilo hutokea mara chache kwa saa, na anayefukuzana na ratiba huondoka kabla halijatokea. Mimi mara ya kwanza niliondoka kabla, na bado linaniuma.

Sasa nikuambie jambo ambalo naona wewe na kaka yako nyote hamjaliona. Mnadhani mapumziko ya mama na picha zako ni vitu viwili vinavyogombea siku kumi, kumbe saa zao ni zilezile. Mama anaamka alfajiri kuswali. Aprili huko jua huchomoza saa kumi na mbili kasorobo, na picha za mlimani hupatikana kuanzia nusu saa kabla ya hapo. Kuanzia saa nne mwanga unakuwa mkali na mweupe, mawe yanapoteza umbo, kila picha inafanana na nyingine. Saa hizo mama anahitaji kulaza magoti, na wewe huna cha kupiga. Laleni. Kuleni taratibu, mpigieni ndugu simu, ufute picha mbovu kwenye kadi. Baada ya alasiri mama anapenda kukaa nje apigwe na upepo, na huo ndio wakati vivuli vinarefuka na zile ngazi za mashamba zinaanza kuonekana moja moja. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi. Kwa watu wanaoishi kwa saa za swala, ratiba ya mpiga picha tayari wanayo.

Kwa hiyo punguzeni vituo, mkae. Kama ningewapangia mimi, ningefanya hivi. Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Maskati, saa tano na kitu. Fikeni Jumanne, mlale Maskati siku mbili bila kazi yoyote isipokuwa kutembea pwani ya Mutrah jioni, pale penye tambarare, mkiangalia taa za bandari zikiwaka. Alhamisi nendeni Nizwa, kama kilomita 140, barabara nzuri. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu Ijumaa asubuhi Nizwa kuna mnada wa mbuzi na ng'ombe. Wauzaji wanawazungusha wanyama kwa duara, wanunuzi wamekaa ndani ya duara na nje yake, bei zinatajwa kwa sauti, mtu ananyoosha mkono kumkagua mbuzi meno huku anaendelea kubishana. Huanza jua linapochomoza na kufikia saa tatu watu wanatawanyika. Nenda wewe peke yako, mama apumzike. Chagua sehemu moja ambapo mwanga unaingia kwa ubavu na vumbi linaonekana, simama hapo hapo, uwaache wakujie. Duara lina faida hiyo. Aliyekupita utamwona tena baada ya dakika mbili.

Ngome ya Nizwa, yenye ule mnara mkubwa wa duara wa karne ya 17, ina ngazi nyingi, kwa hiyo mama asipande. Mnara huo ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman, baba wa Imamu Saif bin Sultan ambaye watu wake waliitwaa Fort Jesus ya Mombasa kwa Wareno mwaka 1698. Msimulie hayo mama wakati wa kahawa, naamini atapenda kujua. Mchana wa Ijumaa mpeleke Falaj Daris, nje kidogo ya mji. Ni mfereji wa kale wa maji, mmoja wa mitano ya Oman iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Njia yake ni sawasawa, watu hukaa ukingoni wakitumbukiza miguu. Picha ya miguu ya mama ndani ya maji yale, wewe mwenyewe utajua uipigeje.

Jumamosi pandeni mlimani, mkae siku nne. Ndiyo, nne. Siku ya kwanza hutapata kitu, utakuwa unashangaa tu. Ya pili utajua jua linafika wapi saa ngapi, maana bondeni linachelewa. Ya tatu watu wa kijiji watakuwa wamekuzoea. Ya nne ni akiba, kama ukungu au mawingu yameharibu mojawapo. Jumatano rudini Maskati, mpumzike siku mbili, mama aswali katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Nenda uwanjani baada ya magharibi, sakafu ya marumaru inavyoakisi taa. Lakini waulize walinzi kwanza kuhusu kamera, na watu wakiwa katika swala iweke mkobani.

Gari la kupandia mlimani ni jambo la kuzingatia. Pale Birkat al-Mawz barabara inapoanza kupanda kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo la magurudumu manne ya kuvuta linarudishwa. Mteremko ni mkali na huko wanaendesha kulia, si kushoto kama sisi. Kaka asijitie ushujaa, kodini gari na dereva. Chumba kiwe cha chini, kisicho na ngazi, mkihakikisha kwa simu kabla ya kulipa. Na nyumba ya waridi mwambieni mwenyeji awatafutie inayofikika kwa gari, kwa sababu ile njia ya miguu inayounganisha vijiji vya al-Aqr, al-Ayn na al-Shirayjah inapanda na kushuka kwa vidaraja vya mawe. Hiyo ni yako peke yako, alfajiri. Viza nazo zifuatilieni kabla hamjalipia chochote kisichorudishwa.

Mengine niyaseme haraka. Agosti Maskati na Nizwa joto linafika nyuzi 40 na kupita, mama atabaki kwenye kiyoyozi. Salalah ndiyo huwa kijani Agosti kwa sababu ya manyunyu ya khareef, msimu wao wa mvua, lakini iko kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati, ni safari yake peke yake. Musandam imetenganishwa na Oman nyingine na ardhi ya Falme za Kiarabu. Dubai nayo iko katika Falme hizo, nchi nyingine na viza nyingine. Jabal Shams ina korongo kubwa, ila pa kusimama ni ukingoni, na moyo wangu haupendi kumweka mtu mwenye magoti mabovu ukingoni. Kuitoa Sur kumeniuma, kwani ni mji wa waunda majahazi, mji ambao vyombo vyake vilikuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Hata hivyo ni mwendo wa kilomita 200 kwenda na mia mbili kurudi. Iacheni kwa safari nyingine.

Kuhusu watu, nakusihi uzingatie. Wanawake usiwapige picha bila ruhusa ya wazi, hata kwa mbali, hata kwa mgongo. Watoto, omba kwa wazazi. Kambi za jeshi, polisi na viwanja vya ndege, kamera chini. Lakini pia una kitu ambacho wapiga picha wakubwa hawana: una mama. Oman ina familia nyingi zilizoishi Unguja, Pemba, Mrima, hata Burundi na Kongo, zilizorejea baada ya 1964 na zaidi baada ya 1970. Maskati ni nadra kukaa siku nzima bila kusikia Kiswahili. Muache mama atangulie kusalimia. Akishakaa na bibi wa makamo yake, wakaulizana "kwenu wapi?", wakaletewa kahawa, tende na haluwa, mlango umefunguka. Hapo kamera usiitoe. Kunywa kahawa kwanza, finjani ukitosheka itikise kidogo ndipo umrudishie mwenyeji, usikilize. Wakicheka sana, mama mwenyewe atakuambia, "Mwanangu, tupige." Wakikataa, umepata jioni nzuri. Na ukiahidi kuwatumia picha, watumie. Wengi wetu huahidi tu.

Mkopo wa lenzi, hapana. Deni la milioni mbili na nusu litakufuata miezi mingi, na mandhari ya mabonde yanataka lenzi pana uliyonayo, ile ya 18–55. Kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo nunua kichujio cha polaraiza cha kuzungusha mbele ya lenzi, kinaondoa mng'ao kwenye majani na kulitia anga rangi, kisha ongeza betri moja na kadi moja. Betri ilale nawe chini ya blanketi, baridi ya mlimani huila. Kamera ifunge kwenye kanga kuikinga na vumbi. Droni iache Tanga. Oman inadai kibali cha serikali kwa droni, na ukifika nayo bila kibali unaweza kunyang'anywa forodhani, tena ni ya mwenzio.

Sasa kaka. Hoja ya uchovu usiirudie, alishaijibu, na kwa upande wake ana haki: aliogopa kumpoteza mama, ndiyo maana anataka ampe kila kitu kwa mara moja. Mwende nyumbani kwa mama siku moja jioni, kaka akiwepo. Mama autoe mrashi. Wewe umuulize mama mbele yake, "Haya marashi mazuri unayoyakumbuka, yalikuwaje?" Kisha nyamaza, mama aongee. Akimaliza, mwambie kaka, "Kaka, nimesoma kwamba yanatengenezwa hasa Aprili, mlimani, karibu na Nizwa uliyopanga. Tungempeleka?" Usitaje ratiba yake wala vituo saba. Mambo mengine atayaondoa mwenyewe, na atakuwa ameyaondoa yeye.

Atasema likizo yake ni Agosti. Mwonyeshe kalenda. Aprili ina Siku ya Karume tarehe 7 na Muungano tarehe 26, Mei Mosi iko mlangoni, na Pasaka mara nyingi huangukia humo humo. Akiunganisha na siku chache za ruhusa anaweza kuwafuata mlimani kwa zile siku nne, hata kama hataanza nanyi Maskati. Fedha za Dubai, Salalah na Musandam zitalipa dereva mzuri na chumba chenye kibaraza kinachotazama bonde. Mwombe hicho kibaraza kama zawadi yako. Mama atakaa hapo tangu alasiri, nawe utapiga picha bila kumwacha peke yake.

Maji ya waridi mkinunua, chupa zifungeni kwenye nguo, mziweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Mkobani kila chupa inayozidi mililita 100 huzuiwa ukaguzini, na ningesikitika sana mama akinyang'anywa pale. Mkirudi, kabla hujampa nafasi ya kupumzika, mkalishe kibarazani Tanga saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa ubavuni, umpige akiujaza mrashi. Hiyo nitumie, nataka kuiona.

Shangazi yako